Ng'ombe mzuri hajikaushi mwenyewe

Niliahidi kuandika juu ya kukausha ng'ombe kabla hajazaa, na nitaandika. Ila leo nitaanzia nyumbani kwangu. Somo hili nimelifundisha kwa miaka minane, na mwaka juzi niligundua kwamba mimi mwenyewe sikuwa nimelielewa. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Ameniruhusu kuandika haya mradi nisimtaje jina wala shule.

Kwanza somo lenyewe.

Ng'ombe wa maziwa hubeba mimba miezi tisa na siku chache. Akifika mwezi wa saba, anatakiwa aachwe kukamuliwa ili apate kama siku 60 za mapumziko kabla ya kuzaa. Punguza pumba na mashudu, mpe majani, usimnyime maji, kisha acha kukamua. Mwone mtaalamu wa mifugo kuhusu dawa ya kuweka kwenye chuchu ili asipate ugonjwa wa kiwele. Katika siku hizo kiwele hujijenga upya, ndama hukua vizuri tumboni, na mama anaweka akiba mwilini. Asipokaushwa, uzao unaofuata maziwa hupungua, na dang'a ya kumpa ndama huwa hafifu.

Kila nikifundisha hili, kuna mfugaji atainua mkono: "Bwana shamba, bado anatoa lita sita. Nitaziachaje lita sita?"

Jibu langu ni lile lile. Ng'ombe mwenye maziwa kidogo anaweza kujikausha mwenyewe. Ng'ombe mzuri hajikaushi. Ukiendelea kumkamua ataendelea kutoa, hata kama anakula mwili wake. Wa kuacha ni wewe unayekamua.

Basi nyumbani kwangu kulikuwa na mtu wa namna hiyo, na mmoja wa wakamuaji nilikuwa mimi.

Mwalimu na kalamu ya kijiji

Mwaka ule mke wangu alikuwa na darasa la nne, watoto 94. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wameingia darasani, na hilo ni jambo jema ambalo kila mzazi hapa anashukuru. Lakini walimu na vyumba vya madarasa havikuongezeka kwa kasi ile ile. Aliyejaza pengo hilo ni mwalimu aliyekuwepo.

Hesabu pamoja nami. Azimio la kazi, andalio la somo, shajara. Madaftari 94 ya kusahihisha, na hayo ni ya somo moja tu. Wiki ya zamu anafika shuleni kabla ya saa moja na kuondoka wa mwisho. Alikuwa pia mwalimu wa afya, katibu wa kikoba, mtunza hazina wa kwaya, na mwandishi wa barua za majirani wote wasiopenda kuandika. Kijijini mwenye kalamu ni mwalimu, na kila mwenye shida ya kalamu humwendea. Jioni alikuwa mke wangu na mama wa watoto wawili. Mimi nilirudi na pikipiki kutoka vijiji vitatu, nikavua buti za mvua mlangoni, nikauliza chakula.

Dalili zilikuwepo. Aliamka saa nane usiku na hakupata tena usingizi. Kichwa kilimuuma, tumbo likamsumbua. Zahanati moja ilimtibu taifodi mara mbili ndani ya miezi mitatu. Mama mkwe alidhani ana mimba. Jirani mmoja alidokeza kwamba kuna mtu anamchezea.

Dalili moja ningepaswa kuiona mapema kuliko zote, nayo ilikuwa ya maneno. Zamani alikuwa akirudi na habari za "watoto wangu": huyu amejua kusoma, yule ameng'oka jino darasani, wote wakacheka. Mwaka ule akaanza kusema "wale watoto". Baadaye hakusema lolote.

Mwezi wa nane

Ilikuwa mwezi wa nane, wakati wa kiangazi majani yanapoadimika, na darasa la nne linaandaliwa kwa upimaji wa kitaifa. Nilirudi saa kumi na mbili jioni nikamkuta amekaa jikoni, moto haujawashwa, kiroba cha madaftari kiko miguuni pake. Nikamwuliza kama anaumwa.

Akasema, "Baba, leo nimempiga mtoto, na sikumbuki kosa lake."

Alilikumbuka taratibu, tukiwa tumekaa pale gizani. Mtoto alikuwa amelala darasani kipindi cha pili. Akamwamsha, akalala tena. Akachukua fimbo, yeye ambaye miaka yote alijulikana kuwa mwalimu asiyeshika fimbo, akampiga mgongoni. Mtoto hakulia. Alipomwinamia ampige tena akaona vipande vya majani ya gwatemala vimenasa kwenye sweta yake. Hapo mkono ukamwishia nguvu. Akatoka nje akasimama nyuma ya choo cha walimu mpaka kengele ikapigwa.

Nikauliza ni mtoto wa nani. Aliponitajia baba yake, nilinyamaza.

Baba yake alikuwa mfugaji wangu wa mfano. Nilikuwa nimepeleka wageni kwake mara mbili kuona banda lake. Mimi ndiye niliyemwambia ng'ombe akamuliwe kwa saa zisizobadilika, ale asubuhi na mapema, na maziwa yafike kituo cha kukusanyia kabla jua halijapanda. Ushauri ule ulikuwa sahihi. Sikuwahi kumwuliza ni nani anayekata majani saa kumi alfajiri, wala ni nani anayebeba keni ya maziwa kilomita tatu. Alikuwa ni yule mtoto wa miaka kumi. Alifanya kazi hiyo kila siku, halafu akaenda shule.

Kwa hiyo mtoto alichoka kwa sababu ya ng'ombe, ng'ombe alifugwa kwa ushauri wangu, na uchovu wa mtoto ukakutana na uchovu wa mke wangu ndani ya chumba chenye watoto 94. Usiku ule sikulala vizuri.

Uchovu huu ni kitu gani

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa kazi katika orodha yake mpya ya kimataifa ya magonjwa. Halikusema ni ugonjwa. Lilisema ni hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu muda mrefu bila kushughulikiwa, na likataja mambo matatu. La kwanza, mtu huishiwa nguvu. La pili, moyo wake hujitenga na kazi, akaanza kuichukia au kuidharau. La tatu, huona kwamba anachofanya hakina matokeo tena.

Nilipoyasoma hayo nilikumbuka "wale watoto". Kumbe lilikuwa jambo la pili kati ya yale matatu, nami nililisikia mezani kwangu miezi mitano bila kujua ninasikia nini.

Shirika hilo lilizungumzia kazi ya ajira. Lakini mimi natembea vijijini. Nimemwona mama wa duka anayefungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa nne usiku, siku saba za wiki, mpaka anawafokea wateja anaowategemea. Nimemwona mkulima aliyeacha kwenda kutazama chai yake, siyo kwa uvivu. Mnaielewa hali hii hata kama hamna jina lake.

Mama Mwalimu

Asubuhi yake mke wangu alikwenda kwa mwalimu mkuu akasema mwenyewe alichofanya. Kanuni za viboko haziruhusu mwalimu yeyote kuchukua fimbo bila idhini ya maandishi ya mwalimu mkuu, naye aliijua kanuni hiyo. Alionywa. Jioni hakurudi nyumbani moja kwa moja, alipitia kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita Mama Mwalimu. Nilipomfuata nilimkuta analia kama mtoto, na yule mama amekaa kando yake anamenya ndizi, hasemi kitu.

Baadaye Mama Mwalimu alinigeukia. "Mkwe," aliniambia, maana mimi ni mtu wa Makete, hapa nimeoa tu, "mke wako anakutana na watu wangapi kwa siku?"

Nikasema zaidi ya mia moja.

"Na kati yao ni wangapi wanaokaa naye bila kumtaka kitu?"

Sikuwa na jibu. Hata mimi sikuwemo.

Ndipo akaniambia habari ya ukwangala. Ninyi wenyeji mnalijua neno hilo kuliko mimi: kukaa pamoja na wenzako, kuzungumza, kula, kufurahi kwa kuwa mko pamoja. Alinieleza kwamba zamani Wanyakyusa walijenga vijiji kwa rika. Wavulana wa miaka kumi hivi walitoka kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni ya kijiji, na walipokwenda kula kwa mama zao walikwenda kwa kundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Walikua pamoja, na kijiji kikawa chao. Mtafiti Monica Wilson aliishi huku na mumewe Godfrey miaka ya 1930, na kitabu alichokitoa mwaka 1951 kuhusu vijiji hivyo alikiita Good Company, yaani ushirika mwema. Aliona kwamba watu wa hapa waliuhesabu ukwangala kuwa moja ya mambo makubwa ya maisha.

"Sasa hivi," Mama Mwalimu akasema, "tunakutana misibani tu."

Tulichofanya

Ijumaa iliyofuata saa kumi na moja jioni, mke wangu na walimu wenzake wawili walikwenda kukaa kwa Mama Mwalimu. Wakala mbalaga na maharage, wakanywa chai. Leo wako saba, kutoka shule mbili. Masharti yao ni machache. Hakuna mchango, hakuna katibu, hakuna muhtasari wa kikao. Simu zinazimwa. Kila mmoja anasema kilichokuwa kizito wiki hiyo, na wengine hawatoi ushauri mpaka waombwe. Yaliyosemwa hayatoki nje. Kukiwa hakuna mvua wanatembea pamoja hadi mtoni na kurudi kabla ya giza.

Nilidhani ni kupoteza muda. Mwezi wa pili mmoja wao alisema jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata mumewe: kadi yake ya benki ilikuwa mikononi mwa mkopeshaji, na kila mwezi mkopeshaji ndiye aliyetangulia kwenye mashine ya pesa. Wenzake wakakaa naye, wakaandika madeni yote kwenye karatasi, pamoja na daftari la dukani. Wakamkopesha bila riba akaikomboa kadi, naye analipa kidogo kidogo. Mwenye duka naye alikubali kupokea deni lake kwa miezi sita. Mwalimu yule alikuwa amefika mahali pa kutaka kuacha kazi na kutoroka. Ningemtazama darasani ningesema ni mvivu.

Nyumbani nilifanya nilichokuwa nikiwaambia wafugaji. Niliacha kukamua. Jioni nne kwa wiki napika mimi, na ng'ombe wetu ni wangu asubuhi na jioni. Mke wangu aliachia ukatibu wa kikoba na hazina ya kwaya. Watu walinung'unika wiki mbili, kisha wakapatikana wengine, tena mmoja anaandika vizuri kumzidi. Madaftari yanasahihishwa mpaka saa mbili usiku, yakibaki yamebaki. Tulikwenda pia hospitali ya wilaya hapa Tukuyu. Daktari alimpima vizuri, akasema taifodi hana, akazungumza naye juu ya usingizi na kumpangia siku za kurudi. Kurudi kulisaidia kuliko vidonge vyote vya nyuma.

Zamu ya maziwa

Kwa mfugaji wangu tulikwenda wote wawili, Jumapili mchana. Mwalimu alimwomba mtoto msamaha mbele ya baba yake. Sikuwahi kuona mtu mzima akimwomba mtoto msamaha namna ile, na nadhani mtoto naye hakuwahi, maana alijificha nyuma ya mlango.

Nilitegemea baba atakasirika. Aliniangalia mimi. "Bwana shamba, ulisema ng'ombe ale alfajiri. Mimi usiku niko kwenye bodaboda, mama yake anachuma chai. Ulitaka nani akate?"

Alikuwa na haki. Naye alikuwa amechoka, macho mekundu, na hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Tuliyokubaliana siku ile ndiyo ninayowashauri sasa wafugaji wote wenye watoto wa shule. Majani yakatwe mchana na mtu mzima, yakatwekatwe, yatandazwe kivulini chini ya paa, ng'ombe alishwe hayo alfajiri. Gwatemala na mabingobingo ya jana yaliyonyauka kidogo hayana ubaya wowote kwa ng'ombe. Maziwa yabebwe kwa zamu: kaya tano zinazopakana, kila siku mtu mzima mmoja anapeleka keni za wote, kila keni ina alama yake ili maziwa yasichanganywe na kila mtu aandikiwe lita zake. Kila kaya inabeba siku moja, inapumzika nne. Tumezoea kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ndama wako wa kwanza anakwenda kwa jirani. Kubeba keni ya jirani ni jambo dogo kuliko hilo.

Mtoto yule sasa anaamka saa kumi na mbili. Lita hazikupungua.

Yaliyobaki

Sitaki mdhani mambo yote yamekwisha. Mwaka huu mke wangu ana watoto 88. Hakuna mazungumzo ya Ijumaa yanayoweza kugawa darasa moja kuwa mawili. Hilo linahitaji walimu, vyumba, na watumishi kupandishwa madaraja kwa wakati, na ni haki yetu wananchi kulisema kwenye mkutano wa kijiji na kwa diwani. Kuna wiki bado anaamka saa nane usiku. Ila amerudi kusema "watoto wangu".

Kwa hiyo, ndugu msomaji, yazingatie haya:

1. Mtazame anayefanya kazi vizuri kuliko wote nyumbani au kijijini kwako. Huyo ndiye anayekamuliwa zaidi. Usisubiri aseme amechoka.

2. Mwondolee kazi moja, ya wazi. "Pole na kazi" haipunguzi hata daftari moja.

3. Kabla ya kumpa mwalimu kazi nyingine ya kamati, jiulize kama wewe huwezi kuishika kalamu.

4. Mpeleke mtoto shule akiwa amelala vya kutosha na amekula. Kwa mwalimu hiyo ni zawadi kubwa kuliko kuku.

5. Wewe wa dukani, chagua nusu siku moja ya wiki ufunge. Na kama mwalimu ana deni kwako, mpangie malipo mapema kabla hajakimbilia mkopo wa kausha damu.

6. Tafuta watu wachache wa kukaa nao bila kutakana kitu, angalau mara moja kwa wiki. Msisubiri msiba.

7. Usingizi ukipotea zaidi ya wiki mbili, au mtu akianza kusema afadhali asingekuwepo, msimwache peke yake. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na ng'ombe wako akifika miezi saba ya mimba, mkaushe, hata kama bado anatoa lita sita.

Wiki ijayo tutarudi kwenye parachichi: namna ya kuvuna Hass kwa mkasi na kuacha kikonyo, ili tunda lisioze njiani.